Nani Ataitika Jina la Pinder

Ijumaa, 5 Aprili 2019

Wilf ameanguka tena. Safari hii jikoni, na kichwa kikakosa kona ya meza kidogo tu. Nilimkuta ameketi sakafuni anaitazama miguu yake kana kwamba ni ya jirani. Akanikataza nisimwite mtu. Nimwite nani? Mume wangu Ken yuko makaburini. Craig, mtoto pekee wa Wilf, yuko Australia. Nimebaki mimi, dada mtu, bibi wa miaka sabini na mbili na goti bovu. Tukainuana kama walevi wawili.

Daktari alishasema: saratani imeshuka mifupani, miguu hairudi tena. Wilf anasikia, anatikisa kichwa, kisha anauliza Mei imebakiza siku ngapi. Mei! Kwake hakuna mwezi mwingine.

Naandika hapa kwa kuwa sina wa kumwambia. Siku ya baraza kaka yangu hataweza kusimama. Na asiposimama yeye, hakuna mwingine.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nilipotoka kanisani nikapita kwenye zizi la kijiji. Vijana wawili wa jumba kubwa walikuwa wanalipima kwa kamba, kutoka ukuta hadi ukuta. Wakaniamkia vizuri tu. Mmoja akanionyesha magari yatakavyopangwa, maana harusi za jumbani siku hizi zinaleta magari mpaka yanaegeshwa barabarani. Kwa furaha gani! Sikumjibu. Kuta hizo za mawe nilikuwa nazipanda kabla babake hajazaliwa.

Bwana Stancliffe, msimamizi wa baraza, alinikuta hapo nimesimama na mwavuli. Akasema kwa upole, Avis, sheria unazijua.

Nazijua. Nimezinyonya na maziwa. Jumatatu ya kwanza ya Mei wajumbe wanazunguka kijiji na jina la kwetu, Pinder, linaitwa mara tatu: asubuhi langoni pa zizi, mchana mlangoni pa kanisa, alasiri mlangoni pa baa. Pinder anaitika amesimama kwa miguu yake mwenyewe, ufunguo wa zizi mkononi. Akiitika mara moja inatosha, mwaka umepita. Lakini likiitwa mara zote tatu asitokee wa kuitika, zizi linarudi kwa wenye jumba. Halijawahi kurudi. Walipita baba, babu, babu wa babu, wakafa wengine vitani, na bado akapatikana wa kuitika.

Nikamwuliza Stancliffe, hamwezi kumwachia mgonjwa akaitika amekaa? Akasema wakili wa jumba atakuwepo, na macho yake ni kama ya mwewe. Stancliffe si mtu mbaya. Nilitamani awe mbaya, ningepata wa kumtukana.

Jumatano, 10 Aprili

Ramani! Nitaichoma moto hiyo ramani.

Ameitundika ukutani mkabala na kitanda, ramani ya dunia nzima, na kalamu yake nyekundu. Kila anapopata Pinder anatia doa. Huku kwetu kaskazini mwa Uingereza, Yorkshire, Lincolnshire, Nottinghamshire, madoa yamejaa kama surua. Kusini hakuna kitu, doa hapa doa pale. Kisha Kanada. Kisha Australia, na moja la huko ndilo Craig. Halafu katikati ya bahari, kwenye visiwa vya Bahama, ametia madoa mengi mpaka visiwa vyenyewe havionekani. Ukiyatazama kwa makini, anasema, utaona kuna Pinder wengi visiwani kuliko bondeni kwetu hapa. Walifikaje? Mabaharia, anasema. Ndugu zetu waliopotea.

Anaamini kina Pinder wote ni tumbo moja. Nimemwambia mara ngapi! Kaka, kila kijiji cha huku kilikuwa na zizi, na kila zizi lilikuwa na mtu wake wa kukamata ng'ombe na kondoo wanaozurura mashambani, awafungie mpaka mwenyewe aje awakomboe. Mtu huyo ndiye pinder. Ilikuwa kazi, kama uhunzi. Kazi ikafa, jina likabaki kwa watoto. Kwa hiyo wa kijiji hiki si ndugu wa wa kijiji kile. Tumechipuka kila mahali kama magugu.

"Damu ni damu, Avis."

"Damu gani? Ni kibarua tu!"

"We mwanamke, hebu nipe simu."

Kutwa nzima anawapigia watu asiowajua. Njoo Skelby tarehe sita Mei, wewe ni Pinder, kuna zizi lako hapa. Wengine wanacheka. Mama mmoja wa Hull alidhani anauziwa kitu akakata simu. Mzee wa Lincoln alisikiliza mpaka mwisho, akasema angekuja, ila naye hatembei.

Jioni akampigia Craig. Nilikuwa nakoroga uji wa shayiri, nikasikia yote. Craig alisema ana zamu. Alisema, baba, ni kuta nne na nyasi, halina hata kondoo. Akasema atakuja kwa — akajizuia, lakini sote tulijua kwa nini. Kwa mazishi. Wilf akaweka simu chini polepole.

"Mkataa kwao mtumwa," akasema, akageukia ramani yake.

Uji hakuugusa.

Jumanne, 16 Aprili

Lo! Leo ni leo.

Amekuja nesi mpya wa kumfunga kidonda cha kisigino. Mwanamke mweusi, mnene kidogo, mikono ya joto, anaimba puani akifanya kazi. Nikamwacha naye, nikaenda kuchemsha maji. Ghafla nikasikia Wilf anapiga ukelele. Nikatupa birika nikakimbia, nikijua amekwisha.

Hajakwisha! Ameketi wima, jambo ambalo hajalifanya wiki nzima, kidole kimeelekea kifuani kwa nesi, kwenye kibao cha jina. Deloris Pinder.

"Avis! Soma! Soma wewe, mimi sina miwani!"

"Nimesoma, Wilf. Mshushie mwenzio kidole."

"Binamu!" anamwambia yule dada. "Umechelewa wapi wewe?"

Deloris akacheka mpaka bandeji ikamtoka mkononi. Akasema, mzee Pinder, nimeitwa mengi wodini, binamu bado. Kwao ni Eleuthera, visiwa vya Bahama. Huko, anasema, ukirusha jiwe sokoni linampata Pinder, na mwenye kupiga kelele ya "nani amenipiga" naye ni Pinder, na polisi anayekuja ni Pinder. Wilf akamwonyesha madoa yake. Akamwomba atie doa moja kwa mkono wake. Akatia.

Wilf amekula viazi viwili na nyama. Mimi nami, mjinga, nalala na matumaini.

Jumamosi, 20 Aprili

Kesho Pasaka. Deloris alikuja mapema, nikampa mkate mtamu wa Pasaka, wenye alama ya msalaba, na siagi. Wilf hakumwacha hata ameze. Akamweleza baraza lote, miito mitatu, ufunguo. Akautoa chini ya mto — ufunguo mkubwa wa chuma, mzito kama nyundo. Akamwambia asimame yeye, aitike.

Deloris akaweka mkate chini.

"Mzee, unajua jina hili nililipataje?"

"Mabaharia."

"Hakuna baharia. Babu wa babu yangu alikuwa mali ya Pinder mmoja wa kutoka huku kwenu. Siku walipoachiwa wakaulizwa, ninyi ni kina nani? Wakataja jina la mwenye mali, hawakuwa na jingine. Kondoo wako si unawapaka rangi mgongoni wakipotea wajulikane ni wa nani? Basi ndiyo hivyo."

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililonichoma. Nikakumbuka ile methali ya Wilf siku ya simu ya Craig, nikaona uso unaniwaka, ijapokuwa Deloris hakuisikia. Wilf akainamia ufunguo wake. Nilidhani analia.

"Pole sana, binti yangu," akasema mwishoni. Kisha: "Lakini unaandikwa Pinder?"

"Naandikwa Pinder."

"Basi unatosha."

Deloris akasema atalifikiria. Akamaliza mkate wake amesimama, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Wilf kutwa nzima anarudia, atalifikiria, umesikia Avis, atalifikiria.

Unatosha. Neno hilo nalala nalo.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemwuliza. Nimejizuia siku zote hizi, leo nimemwuliza. Nilikuwa namkata kucha za miguu.

"Mimi je, Wilf?"

"Wewe je nini?"

"Nisimame mimi. Niitike."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Wala hakukasirika! Ungedhani aliyeuliza ni kabati.

"Wewe ni Tranmer, wa Ken."

"Nimezaliwa chumba hicho cha juu. Tumbo lile lile lililokuzaa wewe."

"Jina uliliacha mlangoni kanisani siku ulipoolewa. Baba alikusindikiza mwenyewe, mimi nilishika kofia yake. Maji yakimwagika hayazoleki, dada."

Nikamwambia Ken amekufa mwaka wa kumi na mbili huu, na jina naweza kulirudisha hata kesho, watu wanarudisha kila siku. Akasema jina si koti, unavua ukiona joto unavaa ukiona baridi. Nikamwambia mwanamke aliyemwona juzi tu anatosha, mimi niliyemwosha mama yetu mpaka siku ya mwisho, niliyerudi humu kumwosha yeye, sitoshi? Akasema, Avis, umenikata nyama. Kweli, kidole kilikuwa kinatoka damu.

Sijutii kuolewa na Ken. Nilimpenda Ken, na nilipenda kuitwa kwa jina lake. Hakuna aliyeniambia kwamba nikiingia mlango ule natoka kwetu moja kwa moja. Craig kakataa, lakini bado ana doa lake ramanini. Mimi sina. Nimetafuta leo alipolala. Skelby yetu ina doa moja tu, la Wilf.

Nimekasirika. Nimelia pia, nyuma ya banda la kuni, kama msichana.

Jumapili, 28 Aprili

Deloris amekataa.

Alikuja siku isiyo ya zamu yake, na nguo za kanisani, kumwambia ana kwa ana. Nilimheshimu kwa hilo. Alimshika mkono. Alisema jina ni lake sasa, amesomea nalo, amezikia wazazi nalo, hatalitupa na wala hamlaumu yeye mzee. Lakini ufunguo wa zizi la kufungia, kwa jina hilo, hapana. "Nikiushika, mzee, nitawasikia wote kaburini wananiuliza."

Wilf akasema anaelewa. Haelewi. Akageukia ukuta, na ukutani kuna ramani, akafumba macho.

Nilimsindikiza Deloris getini. Mvua nyembamba. Akaniuliza, mama Avis, na wewe je, mbona hata siku moja sijasikia unatajwa? Nikamweleza ile ya kanisani. Akanitumbulia macho.

"Yaani wewe mtoto wa nyumba anakuona mgeni, mimi mgeni ananiona mtoto wa nyumba?"

"Ndiyo desturi yetu."

"Desturi!" akasema. "Poleni nayo." Akapanda gari lake.

Alhamisi, 2 Mei

Wilf hali wala hanywi. Anasema ngozi inamwasha.

Stancliffe alikuja na maua ya manjano ya bustanini kwake — hata jina la ua hilo silijui — akaniita pembeni. Wajumbe wameongea baina yao. Wilf akimkabidhi mtu ufunguo kwa mkono wake, mbele yao, na kusema huyu anaitika badala yangu, wao watamkubali na hawatadai vyeti. Wakili anune apendavyo, baraza ni lao.

"Mtu yeyote?" nikauliza.

"Wewe, Avis. Tunakusudia wewe. Nani mwingine aliyebaki?"

Watu baki wananiona. Nikaenda kumwambia Wilf, neno kwa neno. Alikuwa amelala, au amejifanya. Kope zake zilikuwa zinacheza. Nikarudia tena kwa sauti. Akakoroma. Wilf hakoromi! Miaka sabini na mbili namjua, hakoromi.

Jumapili, 5 Mei

Anasema atasimama.

Nimeipiga pasi suti yake. Inamning'inia. Tukafanya jaribio mlangoni pa chumba, mimi nimemshika kwapani. Alisimama labda kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Akafungua mdomo aitike, na miguu ikaondoka chini yake kama mchanga. Tukaanguka wote wawili, safari hii mimi chini.

Tulilala pale zuliani. Tulicheka kidogo. Kisha yeye akalia, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata msibani kwa mama. Akasema, zizi ninalipoteza mimi, Avis. Wote waliopita walilishika, ninalipoteza mimi. Nikamwambia hulipotezi, nipe mimi. Nilimwambia mdomo wangu uko sikioni kwake kabisa.

Akasema, baridi imeanza kuingia hapa chini, niinue.

Jumatatu, 6 Mei

Naandika kwenye baa, kona ya dirishani, daftari juu ya magoti. Miito miwili imepita. Umebaki mmoja.

Baridi kali leo kwa mwezi wa Mei. Deloris alikuja kumsukuma Wilf kwenye kiti cha magurudumu. Hakuombwa. Kijiji kizima kilikuwa langoni pa zizi, hata wale wasiokuja kanisani, na wale vijana wa jumbani, na wakili na koti lake jeusi. Stancliffe akaita. Pinder! Wilf akashika mikono ya kiti. Nilimwona mishipa ya shingo ikimtoka. Akainuka — kweli akainuka! — nusu. Nusu tu. Suti ikapanda, mwili ukabaki. Akaketi. Sauti ilimtoka, lakini alikuwa amekaa, na wakili akatikisa kichwa, na Stancliffe akatazama nyasi akasema, hajaitika.

Mama mmoja nyuma yangu akalia kwa sauti. Wengine walikohoa. Sisi watu wa huku tukitaka kulia tunakohoa.

Mchana, mlangoni pa kanisa. Pinder! Watu wote wakamgeukia Deloris. Hawakukusudia ubaya, lakini walimgeukia, maana ndiye pekee mwenye jina na miguu. Akatazama viatu vyake. Aliminya midomo. Mikono haikuachia kiti cha Wilf, na sikumwona akitetereka. Hajaitika, akasema Stancliffe. Wilf hakumgeukia mtu. Alikuwa anatazama barabara ya kutoka mjini, kila gari linalopinda. Bado anamtazamia Pinder. Wa Hull, wa Kanada, yeyote. Mpaka sasa anatazama, kupitia dirisha hili.

Ufunguo umo mkononi mwake, ndani ya mfuko wa koti. Naona ngumi ilivyotuna.

Wajumbe wamekula sandwichi zao. Hakuna mzaha mwaka huu, kila mtu anazungumza kwa sauti ya matangani. Wakili ameketi peke yake na supu. Stancliffe amepita mara mbili karibu na meza yetu, mara ya pili akasimama, akamwambia Wilf kwa upole, mzee, unajua tulichokubaliana, ni neno moja tu. Wilf akasema anajua, asante sana. Stancliffe akanitazama mimi. Nimeshindwa kumtazama.

Deloris akainuka, akasema anaenda kuweka kiti cha magurudumu karibu na mlango. Ametuachia nafasi makusudi.

Basi nimefanya. Maneno nimeyamaliza. Nimeweka mkono wangu mezani mbele yake, kiganja juu, wazi. Nikauacha hapo. Akauona. Niliona anauona. Aliutazama muda mrefu, mkono huu wenye madoa ya uzee unaofanana na wa mama, mkono wa kwao, na uso wake ukalegea, na ngumi ikatikisika mfukoni.

Akatoa mkono wa pili, ule mtupu. Akachukua kikombe chake, akakiweka kiganjani mwangu.

"Niongezee chai, Avis," akasema. "Bado iko moto?"

Kikombe kiko hapa mbele yangu. Sijakijaza. Amegeukia tena dirishani. Kuna gari linapinda pale chini, jekundu, na amenyoosha shingo. Linapita. Wajumbe wanavaa makoti. Stancliffe amefungua mlango, baridi imeingia, naye anakohoa kusafisha koo —